Kadzo, Pimwa Kwanza Ndipo Ununue

Kibarani, Kilifi
Alasiri, siku moja kabla ya safari

Mwanangu Kadzo,

Wewe na baba yako mmekwenda Ganda kumuaga hawe, na ninavyomjua mama yangu, hatawaachilia upesi. Atawapikia, atawaombea, kisha atawapikia tena. Kwa hiyo nina alasiri nzima peke yangu, na cherehani imenyamaza kwa mara ya kwanza wiki hii. Nimeona nikuandikie, maana mimi na wewe tukikaa uso kwa uso na jambo zito, hugeuka tukazungumzia mboga.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kusali, kuvaa sweta asubuhi na kumpigia simu shangazi yako Dama ukishuka kwenye basi. Hayo umeyasikia mpaka ukayatungia wimbo. Nataka kukuandikia juu ya baiskeli. Utacheka, kwa sababu mimi mwenyewe sijui kuendesha. Lakini kazi yangu, tangu uanze kunijua, ni kupima miili ya watu, na ninalotaka kukuambia nalijua kwa mikono yangu.

Ni hili. Ukifika Nairobi kwa hiyo kambi ya mazoezi, usiende kwanza kwa yule kijana anayeuza ile baiskeli nyekundu ya triathloni. Nenda kwanza ukapimwe. Mwalimu Neema amekwisha kukuombea nafasi kwa yule bwana wa vipimo aliyekuja Bofa. Ukishapimwa ndipo ukaitazame nyekundu. Na ikiwa haikukai, uiache.

Najua hilo neno la mwisho ni zito. Watu wa Ganda wamechanga, mjomba wako Karisa amesimamia mchango huo kanisani toka mwanzo, na amekwisha kumtangazia kila mtu kwamba baiskeli ni nyekundu. Picha anayo kwenye simu. Humwonyesha yeyote anayekaa karibu naye, hata waliokuja kununua mihogo. Juzi alipita hapa nikiwa nakata sare za shule, akaniwekea simu juu ya kitambaa, katikati ya mkasi na chaki.

"Sidi, umeiona lakini?"

"Nimeiona. Nzuri. Ila Kadzo hajaikalia."

"Baiskeli ni baiskeli, dada. Ukikaa miguu ikafika kwenye pedeli, imekutosha."

"Na gauni likipita kichwani, limetosha?"

"Mimi sivai gauni."

"Basi shati. Hilo ulilovaa leo limekutosha?"

Akajitazama tumboni, vifungo vilikokuwa vikivutana. "Hili tumezoeana," akasema. "Na Kadzo ataizoea hiyo. Hebu ondoa mkasi wako, utakwaruza simu."

Tulicheka. Lakini alipoondoka niliharibu kola, kwa sababu neno lake lilinibaki. Ataizoea. Kadzo, neno hilo ndilo lililotulea sote. Limenilea mimi, nikalichukua nikakulea nalo wewe.

Unaijua desturi ya wateja wangu wa mwezi wa kufungua shule. Mama anamleta mtoto, namnyosha mtoto mikono, na kabla sijafungua tepu mama anasema, "Fundi, usimbane, atakua nalo." Basi naacha pindo pana, naacha mabega yakaanguka, na mtoto anakwenda shule ndani ya sare kama aliyejifunika hema. Sisemi ni vibaya. Kitambaa ni ghali, na watoto hukua. Pindo lipo, nitalifungua mwaka ujao, na sare itamsubiri mtoto mpaka wakutane.

Kosa letu, mimi na baba yako, ni kwamba tulidhani kila kitu kina pindo.

Tulipokuwa bado tunakaa Ganda na shule ikawa mbali, baba yako alikuletea ile baiskeli kubwa nyeusi, ndugu wa ile anayobebea mihogo. Wewe ulikuwa mdogo hata hukuweza kukikalia kiti. Ulipitisha mguu ndani ya fremu, chini ya chuma cha juu, ukawa unaendesha umening'inia upande mmoja kama gunia la makaa lililofungwa vibaya. Majirani walikuja kutazama. Baba yako alisimama akajishika kiuno akasema, "Atakua nayo." Nami nikasema, "Mwache, atakua nayo." Na kweli ulikua. Miguu ikafika chini, ukakaa kitini kama watu. Lakini mwili ulikuwa umekwisha kujifunza kukaa upande. Mtoto hukua, ila hakui peke yake. Hukua pamoja na alichofundishwa mwili wake.

Mtazame baba yako. Amekaa juu ya baiskeli moja tangu ujana wake, na sasa hata akitembea hutembea kama aliyesahau kuteremka. Bega la kulia liko juu, la kushoto chini. Namshonea mashati kwa kipimo hicho na hakuna anayejua, lakini mimi najua, maana mkono mmoja wa shati lake ni mrefu kuliko mwingine.

Mwalimu Neema ndiye aliyeliona kwako. Siku ya kwanza alipokuita kwenye timu yake ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, alinifuata mpaka hapa dukani. Alisema, "Mama Kadzo, mtoto wako ana nguvu, na majini hana mpinzani. Lakini juu ya baiskeli anakaa kama mtu anayechungulia ua wa jirani." Nilicheka sana, nikakuiga mbele ya baba yako usiku ule. Sikulichukua kuwa ni ugonjwa. Nililichukua kuwa ni wewe.

Hiyo ni sehemu ya kwanza. Ya pili ndiyo ngumu zaidi kuandika, kwa sababu haihusu chuma.

Mimi nilipokuwa msichana wa shule nilikuwa mtoto wa kusifiwa. Daftari langu lilikuwa safi, sauti yangu ndogo, na niliitikia kabla sijaitwa mara ya pili. Nilitumaini mambo makubwa, kimyakimya, kama wewe. Mwaka mmoja shangazi yangu alikuja kutoka Mombasa akaniletea viatu vyeusi vya kufunga kamba. Nilipoingiza miguu nikajua papo hapo kwamba vinanibana. Wote walikuwa wamesimama wakinitazama. "Vimekukaa?" akauliza. Nikasema, "Vimenikaa, shangazi, asante, Mungu akuzidishie." Nikavivaa muhula mzima. Nikavivaa siku ya michezo na kukimbia navyo, nikawa wa mwisho, na watu wakasema Sidi hajui kukimbia. Mimi pia nikasema hivyo, na nikaendelea kusema hivyo. Umekuwa ukiniuliza kwa nini kidole changu kidogo cha mguu kimelala juu ya mwenzake. Nilikuambia nimezaliwa nacho. Si kweli. Ni adabu.

Sijuti kufundishwa adabu. Najuta kwamba hakuna aliyenionyesha mahali inapokoma.

Sasa nikukumbushe Bofa. Yule bwana alikuja na wageni wake kwa mashindano ya pale hotelini, na Mwalimu Neema akamwomba akuangalie bure akimaliza nao. Aliifunga ile baiskeli yako ya kuazima kwenye chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, ukawa unakanyaga bila kwenda popote. Akakubandika vialama vyeupe gotini na nyongani, akachuchumaa kando yako, jua likimpiga kisogoni, akaanza kuuliza.

"Hapo kwa goti, kuko sawa?"

"Sawa, mzee."

"Na nikipandisha kiti hivi?"

"Sawa."

"Nikikishusha?"

"Pia sawa."

Akasimama, akajikuna kichwa. "Mikono je? Shingo? Hakuna mahali panabana?"

"Hakuna, mzee. Asante sana."

Akanigeukia mimi. "Mama, huyu binti yako amekaa vizuri kwa hii baiskeli kuliko mimi kwa sofa yangu."

Nilikuwa nimesimama pale nimeshika leso na chupa yako ya maji, nikacheka, na moyoni nikajisifu. Nilisema kimoyomoyo, mtazameni mtoto aliyelelewa. Mgeni anahangaika kwa ajili yake juani, halipwi, naye hamwongezei kazi. Yule bwana akakaza skrubu pale ulipomruhusu azikaze, akakupa mkono, ukamwambia shikamoo mara ya pili kwa kuaga, watu wakacheka, tukarudi nyumbani.

Mashindano ya mwaka ule sihitaji kukusimulia. Ulitoka majini wa pili. Nilikuona, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Ulipopanda baiskeli nilikwenda kukungojea pale mnapoziacha baiskeli na kuanza kukimbia. Wenzako walikuja, wewe hukuja. Ulipokuja, ulishuka kama bibi kizee anayeshuka kitandani. Mtu alikupa kikombe cha maji kikakuponyoka, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Ukapiga hatua chache, ukakaa chini. Hukulia. Ulisema tu, "Samahani, mwalimu."

Mwalimu Neema alichuchumaa akalishika goti lako.

"Limeanza lini?"

"Kitambo."

"Kitambo lini? Kabla ya kupimwa?"

Ukatazama mchanga. "Siku ile ya kupimwa lilikuwa linauma. Alipopandisha kiti ndipo likazidi."

"Na alikuuliza."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ukamwambia nini?"

"Alikuwa mgeni," ukasema. "Na alikuwa anafanya bure."

Kadzo, nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Uliposema maneno yale, kabla sijahuzunika, nilipitiwa na furaha kidogo. Ilikuwa kidogo sana, lakini ilikuwepo. Nilijiona mimi na viatu vyangu vyeusi, nikaona kwamba nimekufundisha vizuri. Kisha nikaliona goti lako limevimba kama embe bolibo, nikaelewa nilichokufundisha. Ulipoteza msimu mzima ukilikanda kwa maji ya moto na kuwatazama wenzako wakipita barabarani. Hukumlaumu mtu. Hilo nalo ulifunzwa na mimi.

Tangu hapo nimemuuliza Mwalimu Neema maswali mengi, naye amekuwa akinijibu kwa subira. Nikueleze nilivyoelewa, unisahihishe ukiwa na nafasi. Baiskeli ya triathloni si kama nyingine. Unailalia. Viwiko vinakaa kwenye vile viegemeo vya mbele, mgongo unanyooka, nyonga zinajikunja, na ukae hivyo muda mrefu bila kubadilisha. Tena ukishuka bado una kazi ya kukimbia, kwa hiyo miguu lazima ishuke na akiba. Kiti kinaweza kupandishwa na kushushwa. Viegemeo vinaweza kusogezwa kidogo. Lakini fremu ni fremu. Kama mbele yake iko chini mno kwa mgongo wako, au mbali mno kwa mikono yako, hakuna fundi wa kuinyoosha.

Mimi hilo linaniingia kwa njia ya bega. Gauni likiwa pana kiunoni nitalipunguza. Likiwa refu nitalikunja. Lakini nikikosea bega wakati wa kukata, nimeharibu kitambaa. Nitaweka mikunjo, nitaweka lesi, nitamwambia mteja ndiyo mtindo wa sasa, na ataondoka na gauni lisilomkaa. Ndiyo maana fundi anayejiheshimu hapimi baada ya kukata. Na ndiyo maana yule bwana ana baiskeli yake ya kupimia isiyokwenda popote, inayorefuka na kufupika kila upande. Anakuweka juu yake, anakutafutia umbo lako, kisha anakupa vipimo. Vipimo hivyo ndivyo unavyokwenda navyo kwa muuzaji, naye akuonyeshe fremu inayovifuata. Usimwache muuzaji akupime kwa macho. Muuzaji mwenye baiskeli moja atakuona kila mara una kimo cha baiskeli hiyo. Hata mimi nikibakiwa na gauni moja dukani huwaona wanawake wote wa Kilifi wana umbo moja.

Wala usijipime kwa urefu wako peke yake, kama alivyofanya Karisa alipomtajia muuzaji kimo chako kwa simu. Wewe na binti wa Dama ni warefu sawasawa, lakini ukikaa chini unamzidi, maana urefu wako uko mgongoni, wake uko miguuni. Nimewashonea nyote wawili, najua. Baiskeli moja haiwezi kuwakaa.

Sasa tufike kwenye shaka yangu.

Unakwenda kwa bwana yule yule. Atakuweka juu ya chuma chake, atachuchumaa, atakuuliza maswali yale yale. Na wewe ni yule yule. Safari hii pia halipwi bei yake kamili, kwa hisani ya Mwalimu Neema, kwa hiyo utamwonea haya zaidi. Na kichwani utakuwa na ile nyekundu, na mjomba anayengoja picha, na hawe ambaye amekwisha kuwaambia wenzake wa kwaya kwamba mjukuu wake atapita njia ya Malindi juu ya baiskeli nyekundu wakaribie kumwona. Nakuona kabisa ukiitikia sawa kwa kila kitu ili mambo yaishe vizuri na watu wote wafurahi. Akikosa kukusikia, atakupa vipimo vya msichana asiyekuwepo, utamnunulia msichana huyo baiskeli, na goti litakalolipa ni lako. Mwalimu Neema ameniambia waziwazi: goti likirudi kuvimba, kambi haitakungoja.

Kwa mganga, mtu hunyamaza. Yeye ndiye anayepiga ramli akakuambia unaumwa wapi, na akikosea unajua si mganga. Nadhani sisi tumezoea hivyo kwa kila mjuzi. Tunakaa kimya tukimpima kama ataona mwenyewe. Lakini mpima baiskeli hana ramli. Ana tepu, ana macho mazuri, na ana wewe. Pale anapouliza ndipo kazi yake ilipo. Ukimficha maumivu hujamwonea huruma, umemnyang'anya chombo chake.

Mimi nilijifunza hili kwa bi harusi mmoja wa hapa Kibarani. Wewe ulikuwa ungali shuleni. Alikuja kupima gauni lake mara ya mwisho, nikamuuliza kama liko sawa, akasema liko sawa, fundi, mikono yako ibarikiwe. Siku ya harusi nilialikwa, nikakaa mbele. Bi harusi hakuketi. Walimletea kiti, akakataa. Walimletea chakula, akatabasamu. Watu wakasema ana haya ya bi harusi, ameheshimu sana shughuli. Mimi peke yangu nilijua kwamba gauni langu halikumruhusu kukunja kiuno. Alipita kunisalimia akaninong'oneza, "Fundi, gauni zuri mno." Alisimama mpaka wageni wakatawanyika.

Toka siku ile simuulizi mteja kama liko sawa. Namwambia ainue mikono. Namwambia akae, ainame kama anayeokota mtoto, ajifunge leso juu yake. Namtazama usoni, si kwenye kitambaa. Uso husema kabla ya mdomo. Lakini wewe uso wako umeufundisha kunyamaza, na yule bwana hakujui ninavyokujua mimi. Kwa hiyo itabidi utumie mdomo.

Nimefikiri utasema nini, maana najua tabu yako si kukosa ujasiri, ni kukosa maneno. Hakuna aliyekupa maneno ya kulalamika kwa adabu. Basi haya nakupa. Sema, "Samahani, mzee, hapa panauma." Akirekebisha na bado panauma, sema, "Bado, mzee." Akikuuliza mara ya tatu na panauma, sema bado mara ya tatu, na usiombe radhi kwa hiyo ya tatu. Usimjibu papo hapo akikuuliza. Kanyaga kwanza mpaka utoke jasho, ndipo umjibu. Akikuambia wengi hupenda kukaa hivi, mwambie wewe hujapenda bado. Mwanzoni kabisa, baada ya shikamoo, kabla hajashika tepu, mwambie ukweli wa Bofa: kwamba alikuuliza vizuri na wewe hukumjibu. Atacheka, naamini. Watu wa kazi za mikono hawachukii kuambiwa. Tunachochukia ni kuona kazi yetu barabarani inamuumiza mtu.

Habari ya nyekundu niachie mimi. Vipimo vikiikubali, inunue, upige picha, Karisa afurahi. Vikiikataa, usimpigie simu yeye, nipigie mimi. Nitakwenda Ganda mwenyewe, nitasimama baada ya ibada na kuwaambia watu waliochanga kwamba walichanga kwa ajili ya Kadzo, si kwa ajili ya rangi. Nitaongea kwa sauti yangu kubwa, ile ya vigelegele. Karisa atanuna mpaka chakula cha mchana. Hawe atasema hata ya kijani ni nzuri, maana yeye atakutazama wewe. Na kama itabidi ungoje mpaka ipatikane inayokukaa, ngoja. Endelea kuendesha ya kambi, wamesema ipo. Usione haya kurudi likizo bila kitu cha kuonyesha.

Mimi natumaini makubwa kwako, mwanangu, na sikwambii mara nyingi kwa kuwa nilizoea kutumaini kimya. Natumaini siku moja nitasimama pale wanapoziacha baiskeli, nikuone unashuka na kuanza kukimbia kama mtu aliyeamka sasa hivi. Ukiwa wa kwanza au wa ishirini ni mambo yako na wenzako. Mimi nataka kuona ukishuka.

Sasa la mwisho, nalo ni dogo.

Gauni lako la safari liko hapa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nimelishona kwa kipimo chako cha leo. Sikuacha pindo, hutakua nalo, ni lako sasa. Jana ulilijaribu, nikasahau kanuni yangu mwenyewe, nikakuuliza kama liko sawa. Ukasema, "Sawa, mama, limenikaa." Ukajizungusha, baba yako akapiga makofi. Kisha ukataka kuteremsha begi juu ya kabati, ukalishusha kwa mkono wa kushoto. Wewe hutumii mkono wa kushoto hata kushika kijiko.

Kwapa la kulia linabana, Kadzo. Nililiona, ningeweza kulifungua tangu asubuhi hii, ni kazi ndogo. Sijaligusa.

Barua hii naibandika kwa pini kifuani mwa gauni, ili usiweze kulivaa bila kuisoma kwanza. Ukishaisoma, livae, uje nilipo. Hata kama baba yako ameshabeba begi na anatuhimiza mlangoni, uje. Nitakuuliza tena kama jana.

Cherehani sijaifunika.

Mama yako,
Sidi